Mtoto mchanga analia kila jioni: ushauri upi ufuatwe, upi uachwe?

Mtoto ana wiki tano. Mchana ananyonya na kulala vizuri, lakini jua likizama anaanza kulia. Anakunja miguu, anakaza ngumi, na hata akipewa ziwa anageuza uso. Bibi anasema ni chango. Jirani analeta chupa ya dawa ya mizizi. Kwenye simu umefika ujumbe unaosema apewe maji yenye sukari. Mama hajalala siku ya tatu, na kila mtu anamwambia jambo lake.

Makala haya yanaeleza kilio hicho ni nini, jinsi ya kupima ushauri unaopewa, na wakati gani usisubiri hata asubuhi.

Kilio cha kawaida kikoje?

Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 80 wenye afya. Walipokuwa na wiki mbili walilia kwa wastani wa karibu saa moja na dakika 45 kwa siku. Walipofika wiki ya sita ilikuwa karibu saa mbili na dakika 45. Baada ya hapo kilio kilipungua, na kufikia wiki ya 12 kilikuwa kidogo sana. Kwa watoto wengi, muda mbaya zaidi ulikuwa jioni.

Wapo wanaolia zaidi ya hapo. Madaktari huliita tatizo hilo koliki: mtoto aliye chini ya miezi mitano analia kwa muda mrefu, mara kwa mara, bila sababu inayoonekana, huku akinyonya vizuri, akiongezeka uzito na bila homa. Chanzo chake hakijulikani kwa uhakika. Haina maana kwamba maziwa ya mama ni mabaya au kwamba mama amekosea. Kwa kawaida huisha yenyewe mtoto anapofikia miezi mitatu hadi minne.

Ndiyo maana dawa nyingi husifiwa. Mtoto akipewa kitu akiwa na wiki kumi, kisha akatulia wiki mbili baadaye, dawa ndiyo hupewa sifa. Huenda angetulia hata bila hiyo dawa.

Maswali manne ya kuupima ushauri

Ushauri utoke kwa ndugu, jirani au kwenye simu, uulize hivi:

1. Je, unaniambia nimpe mtoto kitu mdomoni? Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama tu hadi atimize miezi sita, bila hata maji. Dawa iliyoandikwa na mhudumu wa afya ndiyo inayoruhusiwa. Maji ya sukari na uji hujaza tumbo, mtoto akanyonya kidogo, na vyombo visivyo safi huleta kuhara. Dawa ya mizizi haina kipimo. Asali isitumike kabla ya mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli. Hata Gripe Water, iliyoanzia Uingereza katika karne ya 19, haijathibitishwa kutibu koliki.

2. Je, unaniambia nimkate, nimchanje au nimng'oe kitu? Kataa. Yanayoitwa "meno ya plastiki" ni meno ya kweli ya mtoto ambayo bado yamo ndani ya fizi. Kuyachimbua huleta kutokwa damu na maambukizi yanayoweza kuua. Kukata kimeo nako kuna hatari hiyo hiyo.

3. Je, anayeshauri anauza kitu? Ujumbe unaoahidi mtoto kupona usiku mmoja, kisha ukataja bei na namba ya kutuma pesa, ni tangazo la biashara.

4. Je, unanitajia dalili za hatari? Ushauri mzuri hukuambia lini uende zahanati. Unaosema "usihangaike na hospitali" uache.

Yanayosaidia bila kudhuru

Anza na mambo madogo. Je, ana njaa? Amelowa? Ana joto kwa kufunikwa nguo nyingi? Kuna uzi au unywele uliomkaza kidole? Mnyonyeshe tena, kisha mweke begani umpapase mgongo hadi abeue.

Kumbeba pia husaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 huko Montreal, Kanada, ulionyesha kwamba watoto wa kawaida waliobebwa kwa muda mrefu zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii, walilia pungufu kwa asilimia 43 walipofika wiki sita. Kwa mwenye koliki tayari, nafuu huwa ndogo, lakini mbeleko haidhuru mradi pua na mdomo viwe wazi. Punguza mwanga na kelele, mwimbie, mtembeze taratibu.

Ukiona umezidiwa

Kilio kinaweza kumfikisha mzazi mahali pabaya. Usimtikise mtoto kamwe. Shingo yake haijakaza, na kumtikisa kwa nguvu kwa sekunde chache tu kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo, kumpofusha au kumuua.

Ukihisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, mbali na moto na pasipo na ukingo wa kuangukia. Toka nje dakika tano hadi kumi, uvute pumzi, kisha rudi. Baba, bibi na shangazi wapokezane zamu ili mama alale. Mama anayelia kila siku, au anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, naye anahitaji matibabu haraka.

Usisubiri asubuhi

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- Hanyonyi, au ananyonya kidogo sana.
- Ana degedege, amelegea, au hajongei hadi aguswe.
- Ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili umepoa sana.
- Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea akivuta pumzi. Tumia saa ya simu kuhesabu akiwa ametulia, kisha rudia.
- Utosi umevimba, anatapika kijani, au ana damu kwenye choo.
- Viganja au nyayo zimekuwa za njano.
- Kilio kimebadilika ghafla, hakifanani na cha siku zote.

Ukiwa na shaka, nenda. Ni afadhali kuambiwa mtoto ni mzima na kurudi naye nyumbani kuliko kuchelewa kwa sababu mtu alisema ni chango tu.