Kiashiria (cha uvimbe)

kiashiria nm (wingi: *viashiria*), ngeli ya KI-VI. Katika tiba: kitu, aghalabu protini, kinachopimwa katika damu ili kupata ishara ya hali ya ugonjwa mwilini.

Nomino hii imetokana na kitenzi *ashiria*, chenye asili moja na *ishara*. Mfasiri hana budi kuilinda maana hiyo: kiashiria hudokeza, hakithibitishi. Kosa linalodhuru zaidi katika matini za saratani ya matiti ni kukifasiri kuwa “kipimo cha kugundua saratani”. Mwanamke mwenye donge akisoma hivyo atataka damu yake ipimwe, na majibu yakiwa ya kawaida huenda asirudi tena hospitalini.

Mfano ni kiashiria CA 15-3, ambacho ni vipande vya protini ya MUC1 vinavyopatikana katika damu. Saratani ikiwa changa, kiwango chake mara nyingi huwa cha kawaida. Kwa upande mwingine, chaweza kupanda kwa mgonjwa wa ini asiye na saratani yoyote. Kwa hiyo hakitumiki kuamua donge ni la aina gani. Kazi yake hasa ni kufuatilia matibabu ya saratani iliyokwisha kusambaa, na kitenzi kinachokifaa ni *fuatilia*. BRCA1 na BRCA2, ingawa nazo huchunguzwa kwa damu, si viashiria vya uvimbe bali ni jeni. Kasoro yake ya kurithi huonyesha uwezekano wa kuugua, si ugonjwa wenyewe.

Gundua na pambanua. Kugundua ni kubaini kwamba kitu kipo: donge hugunduliwa kwa mkono, kwa mamogramu au kwa ultrasaundi. Kupambanua ni kujua ni donge gani, na jibu la hakika hutokana na *kinyama*, yaani kipande kidogo cha tishu kinachokatwa na kutazamwa kwa hadubini. Baadhi ya wafasiri huliona neno *kinyama* kuwa la mitaani. Hawana sababu: mgonjwa hulielewa, na “sampuli ya tishu” haliongezi usahihi wowote.

Uvimbe na donge. *Uvimbe* ni pana, hata jipu la mama anyonyeshaye limo; *donge* ni kile kinachoshikika. Hakuna kati yao lenye maana ya saratani. Madonge mengi ya titi si saratani, mathalani fibroadenoma, inayowapata zaidi wanawake vijana, na vifuko vya maji. “Uvimbe mwema” ni tafsiri sisisi isiyofaa. Iandikwe *uvimbe usio wa saratani*.

*Isiyofaa:* Kipimo cha damu kimeonyesha kuwa donge si saratani.
*Inayofaa:* Kiwango cha kiashiria katika damu ni cha kawaida. Donge bado linahitaji kuchunguzwa kwa kinyama.