Mbavu za mbwa: ukarabati wa kuta za miti katika delta ya Rufiji

Mbavu za mbwa ni ukuta wa nguzo zilizofungwa fito pande mbili na kujazwa udongo katikati. Udongo ukidondoka, miti hujitokeza kama ubavu wa mbwa aliyekonda, na ndipo jina lilipotoka. Jina lake la heshima ni kiambaza. Mbwera na vijiji jirani vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, viko ndani ya msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini Tanzania, takribani hekta 50,000, na humo ndimo zilimotoka nguzo za nyumba nyingi za zamani za mwambao.

Nguzo nzuri ni ya mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata), msindi au mkandaa: miti mizito, minyoofu, yenye tanini nyingi, ambayo mchwa huchelewa kuishambulia. Mchu haupendwi kwa nguzo. Sokoni miti hupangwa kwa unene, kuanzia fito, pau na mazio hadi boriti na nguzo, na huhesabiwa kwa korija, yaani miti 20. Majahazi yaliipeleka Unguja na hadi Ghuba, ambako vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3, kwa kuwa boriti hazikufika zaidi ya hapo.

Nguzo huoza kwanza pale inapotokea ardhini, mahali unyevu na hewa vinapokutana. Katika delta, bamvua na mafuriko ya mto huongeza kasi ya kuoza huko. Kwa hiyo fundi huanza chini: hubandua udongo kiasi cha shubiri mbili kutoka sakafuni, hugonga kila nguzo na kuichoma kwa ncha ya kisu. Mti mzima hulia kwa sauti kavu na kisu hakizami. Mara nyingi mti wa juu bado ni imara kabisa baada ya miaka mingi, na kuuangusha ukuta wote kwa sababu ya nguzo tatu ni hasara isiyo na sababu.

Kabla ya kung'oa chochote, mti unaolala juu ya ukuta kubeba paa huwekewa mhimili. Kisha nguzo hubadilishwa moja moja. Iliyooza chini tu hukatwa, ikaungwa mti mpya ubavuni na kufungwa sawasawa. Nguzo mpya humenywa gome, maana wadudu hujificha kati ya gome na mti.

Udongo nao huchaguliwa. Tope la mikoko lina chumvi. Chumvi huvuta unyevu na uso wa ukuta hubanduka. Unaofaa ni wa mahali palipoinuka au wa kichuguu, uliokanyagwa pamoja na mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa. Mkandiko wa kwanza huachwa ukauke na kupasuka. Wa pili, mwembamba, huziba nyufa, na chokaa huja mwisho. Saruji ndiyo kosa kubwa la siku hizi. Inaonekana nadhifu kwa msimu mmoja, lakini haiendi pamoja na udongo unaovimba na kunywea: hupasuka, maji huingia, hayatoki, na nguzo huoza gizani bila mwenye nyumba kujua.

Kuokoa mti wa zamani kuna uzito mwingine pia. Mikoko ya delta ilianza kuhifadhiwa kisheria tangu utawala wa Wajerumani, eneo la Rufiji–Mafia–Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2004, na kukata mikoko leo kunahitaji kibali cha mamlaka ya misitu. Hata nguzo iliyotolewa haitupwi: ikishakatwa sehemu iliyooza, hubaki urefu wa kutosha kwa ua wa choo, au kwa mguu wa dungu shambani, ambako watu hukesha kulinda mpunga.