Ziwa Lililoonwa kwa Taa

Msafiri atokaye Matema kwa mtumbwi, akiambaa chini ya milima ya Livingstone hata Ikombe wanakofinyanga vyungu Wakisi, hupita penye ufuo uliopata kutolewa fedha na watu wasiouona kwa macho. Kwani kabla Mjerumani hajatia nanga hapa, habari za Ziwa Nyasa zilikuwa zimekwisha kusimuliwa katika kumbi za Ulaya, zikaamsha huruma na kufungua mifuko.

Siku hizi husemwa sana habari za ulimwengu pepe, ule unaoingiwa kwa kompyuta, ambamo mtu huvaa umbo alilojichagulia, akatembea, akazungumza na hata akatoa sadaka. Kwa ufundi ni jambo jipya. Kwa dhamira, mimi nauona ni mjukuu wa taa ya picha, ile iliyokuwa ikitupa ukutani sura zilizochorwa juu ya kioo, ambayo msafiri Livingstone aliichukua katika safari zake, na ambayo wamisionari warudipo makwao waliitumia aghalabu kukusanya michango: ukumbi hutiwa giza, Afrika hutokeza ukutani, kisha sahani ya sadaka hupitishwa.

Mwaka 1888 Kadinali Lavigerie wa Ufaransa alihutubia hadhara za Paris, London na Brussels juu ya madhila ya biashara ya watumwa, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Wajerumani wakakusanyika Köln kwa shauri hilo. Kwa michango, na kwa bahati nasibu iliyochezwa baadaye kwa jina la kupinga utumwa, ikapatikana merikebu ya moshi, Hermann von Wissmann, ambayo vipande vyake vilipandishwa kwa mito ya Zambezi na Shire, vikachukuliwa nchi kavu kuyapita maporomoko, hata mwaka 1893 ikaelea ziwani. Na kituo cha Wajerumani cha Langenburg kikasimamishwa karibu na Ikombe. Merikebu iliyonunuliwa kwa huruma ikawa chombo cha serikali, ikafungwa mzinga, na tarehe 13 Agosti 1914 Waingereza wakaishambulia kule Liuli, kando ya ziwa hili hili. Naliona jambo hili kuwa zito: mnunuzi wa tiketi alikusudia kumkomboa mtumwa, naye akaisaidia dola kujipatia ziwa.

Kinyume chake, merikebu ya Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901 kwa sadaka za Waingereza, na kupewa jina la askofu aliyezama humu ziwani mwaka 1895, ilikuwa na uaminifu zaidi katika kazi yake, kwani ilichukua wagonjwa na wanafunzi.

Karne moja baadaye taa ikahamia kwenye kompyuta. Katika Second Life, ulimwengu pepe uliofunguliwa Marekani mwaka 2003, ambao sarafu yake yaweza kubadilishwa kuwa dola za kweli, jumuiya ya Wamarekani ya kupambana na saratani imekuwa ikiendesha matembezi ya hisani; na mwaka 2006 humo humo zikapigwa hema za Camp Darfur, ili mpitaji ajue yaliyowasibu watu wa Sudan. Lakini huko nako, kama kwenye kumbi za kale, msimulizi alikuwa mgeni.

Kwa hiyo moyo wangu huenda zaidi Nairobi, ambako UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, iliyofungamana na wenye mchezo wa Minecraft mwaka 2012, iliwaketisha wakazi wa Kibera waupange wenyewe uwanja wa Silanga kwa matofali ya kompyuta. Hapo mwenye dhiki hakuwa sura ya kutazamwa. Alikuwa ndiye mchoraji.

Nami hutamani vijana wa Kyela, wilaya iliyo na Matema, wapewe matofali hayo, waujenge ufuo wao: mashamba ya mpunga na miti ya kakao, mto Mbaka na mto Kiwira ikifurika wakati wa masika, njia zinazokatika, na mahali ambapo wao, wanaoishi hapo, wangependa daraja liwekwe.