HUNDI: SAINI YA MBELE NA SAINI YA NYUMA, USIJE UKALIZWA

Siku hizi pesa inatembea kwenye simu, lakini hundi bado haijafa. Hapa Kagongwa ukiuza mchele wa maana, anaweza kuja mnunuzi na badala ya mshiko akakukabidhi karatasi. Baadhi ya shule, vyama vya ushirika na makampuni nayo bado yanaandika hundi. Karatasi ile ni pesa au ni kimeo, na mara nyingi kinachoamua ni saini. Haya basi, tuichambue.

HUNDI NI NINI?
Ni amri ya maandishi. Mwenye akaunti anaiamuru benki yake imlipe mtu fulani kiasi fulani pale itakapopelekwa. Wapo watu watatu: mtoa hundi, benki yake na mlipwaji. Sheria yetu ya hati za namna hii, Sura ya 215, imefuata ile ya Uingereza ya mwaka 1882, ndiyo maana kanuni zake zinafanana na za Kenya na Uganda.

SAINI YA MBELE
Hii ni ya mtoa hundi. Bila saini yake hakuna hundi. Benki inailinganisha na ile aliyoiacha siku anafungua akaunti. Akaunti za vikundi na AMCOS kwa kawaida zinataka saini mbili au zaidi, kwa hiyo ikikosekana moja hundi inarudi. Mengine ya kuangalia:

1. Kiasi kiandikwe kwa maneno na kwa tarakimu. Vikipishana, sheria inafuata maneno, ila benki huwa inairudisha tu.
2. Usiache nafasi tupu. Andika "shilingi milioni mbili na laki nne tu", halafu chora mstari.
3. Usisaini hundi tupu hata kwa shemeji. Ukiikabidhi ili ijazwe, sheria inamchukulia aliyeishika kuwa na ruhusa ya kuijaza, na kazi ya kubisha inabaki kwako.
4. Hundi yenye tarehe ya mbele benki hailipi kabla ya siku hiyo. Ikipita miezi 6 inahesabika imechacha.
5. Kiongozi wa kikundi unaposaini, jina la kikundi lionekane na uandike "kwa niaba ya". Ukiweka saini yako peke yake, deni linaweza kukuangukia wewe.

MISTARI MIWILI
Hundi yenye mistari miwili sambamba hailipwi taslimu dirishani, lazima ipitie kwenye akaunti. Ikiwa na maneno "A/C Payee Only", ni ya akaunti ya mlipwaji mwenyewe. Kama huna akaunti, mwambie mnunuzi mapema, kabla magunia hayajapakiwa kwenye fuso.

SAINI YA NYUMA
Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa. Mlipwaji akisaini nyuma ya hundi anahamisha haki ya kulipwa. Ziko namna tatu:

- Saini tupu. Unasaini bila kutaja mtu. Tangu hapo hundi ni ya yeyote aliyeishika, kwa hiyo ukiidondosha stendi, aliyeiokota anaweza kujaribu bahati yake.
- Saini yenye jina. Unaandika "Mlipe fulani" kisha unasaini. Huyo fulani naye akitaka kuihamisha, lazima asaini.
- Saini yenye kizuizi. Unaandika "Mlipe fulani tu" au "Iwekwe akaunti namba kadhaa". Safari ya hundi inaishia hapo.

Huwezi kuhamisha nusu ya hundi: ni yote au basi. Kama walipwaji ni wawili, wote wasaini, isipokuwa mmoja ana mamlaka ya kumsainia mwenzake. Jina lako limekosewa? Saini kama lilivyoandikwa, halafu weka saini yako halisi chini. Na mjue kwamba benki nyingi sasa hazitaki hundi iliyohamishwa kwa mtu mwingine, kwa kuogopa matapeli. Uliza kabla hujaipokea.

Kubwa zaidi: ukisaini nyuma na kumpa mwenzako, umekuwa mdhamini. Hundi ikidunda, anaweza kukudai wewe hata kama aliyeiandika kahama mji.

IKIDUNDA JE?
Itarudi na sababu, mara nyingi "Refer to Drawer", yaani rudi kwa aliyeitoa. Usikae nayo. Mjulishe mtoa hundi na kila aliyesaini nyuma, haraka na kwa maandishi, maana ukichelewa waliosaini nyuma wanaweza kuchomoka. Tunza hundi yenyewe, ni ushahidi wa kudai mahakamani. Na kama aliitoa akijua akaunti haina kitu ili abebe mchele wako, hiyo inaweza kuwa jinai ya kujipatia mali kwa udanganyifu.

Saini ya kughushi haina nguvu. Benki ikilipa kwa saini ya mbele ya kughushi, kwa kawaida haina haki ya kukukata wewe mwenye akaunti. Lakini ya nyuma ikighushiwa na benki ikalipa kwa nia njema, sheria inaweza kuilinda benki.

Mnaikumbuka EPA? Mwaka 2008 Watanzania walitangaziwa kwamba makampuni 22 yalilipwa shilingi bilioni 133 Benki Kuu katika mwaka wa fedha 2005/06, mengine kwa hati za kughushi zilizodai kuwa wadai wa nje wamehamisha madeni yao. Hazikuwa hundi, ila mchezo ni uleule: karatasi inasema haki imehama, na hakuna aliyemuuliza mwenye haki.

Kwa hiyo mdau, mnunuzi usiyemjua akikupa hundi, ipeleke benki kwanza, subiri pesa iingie, ndipo uachie mzigo. Akikataa kusubiri, jibu umeshalipata.

Mwenye swali au aliyewahi kulizwa atiririke hapo chini.