Simu iliyolia bila kupokelewa: modemu, Ramisi na mimi

Juzi nilikuwa Ramisi kumjulia hali mzee mmoja, fundi wa simu aliyestaafu. Baada ya shikamoo na chai akaingia ndani, akatoka na kisanduku cha bati kilichojaa vumbi, chenye poti nane nyuma. "Mwanangu, huyu rafiki yako bado ninaye," akasema huku akicheka. Nilikitambua mara moja. Kisanduku hicho kiliniaibisha mwaka 2003. Basi ndugu msomaji, kaa nikusimulie, maana kisa chake kina historia ndefu kuliko mimi.

Kwanza tujue ni kitu gani. Mashine nyingi za kazi, kama mizani ya malori, kipimo cha tangi au mtambo wa pampu, zilitengenezwa zikizungumza kupitia poti ya siriali, kwa utaratibu uitwao RS-232 uliotoka Marekani mwaka 1960. Biti hupita kwenye waya moja baada ya nyingine, kama watu wanaopanda matatu kwa foleni. (Jina lisikudanganye, siriali haina siri yoyote. Tutafika huko.) Waya wenyewe haufiki mbali, kama mita 15 tu. Seva ya siriali ni kisanduku kinachokaa katikati: huku mashine, huku mtandao wa kompyuta. Na pasipokuwa na mtandao, poti moja ilifungwa modemu, modemu ikafungwa laini ya simu, na fundi aliye mbali akapiga.

Kazi ya modemu ni kugeuza biti kuwa sauti, ili zipite kwenye waya uliojengewa maongezi ya watu. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa Smartmodem, iliyopitisha biti 300 kwa sekunde. Ujanja wake ulikuwa kwamba kompyuta iliiamuru kwa herufi za kawaida, kila amri ikianza na AT. ATD, piga. ATA, pokea. ATH, kata. Amri hizo zimeishi muda mrefu kuliko modemu yenyewe. Hata modemu za laini za mkononi zilizirithi.

Hapa Kenya, mapema miaka ya 1990, mashirika ya kiraia Nairobi yalituma barua pepe kwa FidoNet kupitia shirika la mazingira la ELCI. Barua zilikusanywa, kisha simu ikapigwa London na mzigo wote ukaenda kwa mkupuo. Laini zote zilikuwa za shirika la serikali la posta na simu, KPTC. Mwaka 1995 kituo cha ARCC kilileta intaneti kamili, na makampuni yakafuata: Form-Net, kisha Africa Online ya Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. KPTC ikaanzisha Jambonet mwaka 1998, na mwaka 1999 ikagawanywa, upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Kwa wengi wetu intaneti ya siku hizo ilikuwa ule mlio wa modemu, na hofu ya bili.

Sasa turudi Ramisi. Kiwanda chake cha sukari, kilichoanza miaka ya 1920, kilikufa mwaka 1988. Kiwanda kikifa, mafundi hufuata kazi kwingine. Kwa hiyo mradi mmoja wa maji wa maeneo hayo ulipotaka mtu wa kusoma kipimo cha tangi na kuangalia pampu, ulinipata mimi niliye Nairobi, zaidi ya kilomita 500 kwa basi na feri ya Likoni katikati.

Nilikwenda mara moja, nikapanga mambo yote. Kasi ya poti 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Udhibiti wa RTS/CTS, ili upande mmoja usimwagie mwingine data asizoweza kumeza. Kwenye simu nikaweka PPP, itifaki iliyokamilishwa mwaka 1994, nikatoa anwani mbili za IP, moja ya kisanduku na moja ya kompyuta yangu. Kisha nikaiandikia modemu mwenyewe, kwa mkono: ATS0=1. Maana yake, simu ikilia mara moja, pokea. Nikajaribu, ikapokea. Nikarudi Nairobi kifua mbele.

Wiki ya pili umeme ukakatika. Uliporudi, nikapiga. Simu ikalia, ikalia, ikalia. S0 ilikuwa imerudi 0, yaani usipokee kamwe, kwa sababu sikuongeza &W ya kuhifadhi. Kisanduku nacho kina nafasi yake ya kuandikia amri, ambazo hutumwa kwa modemu kila kinapowaka, na mimi niliiacha tupu. Siku tatu hakuna aliyejua tangi lina maji kiasi gani. Pampu haikuwashwa, na kina mama wakarudi kisimani na ndoo, kwa kosa la herufi mbili.

Aliyetuokoa ni mzee huyu. Nilimpigia, nikamsomea herufi moja moja, naye akaziandika: AT&FS0=1&W. Akaziweka pia ndani ya kisanduku. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulisahau: "Na mwengine akiipiga namba hii, itampokea pia?"

Ingempokea. Kisanduku kilikuwa na neno la siri la kiwandani, na nilichagua PAP, inayopitisha neno hilo wazi wazi, badala ya CHAP, ambayo huthibitisha kwamba unalijua bila kulitamka kwenye laini. Tangu filamu ya WarGames ya mwaka 1983 dunia ilijua kwamba kompyuta inaweza kupiga namba moja baada ya nyingine hadi modemu iitike. Siku hiyohiyo tukahamia CHAP, tukabadili neno la siri, na tukawasha kupigiana: kisanduku kinakata simu, kisha chenyewe kinapiga namba yangu.

Juni 2009 nyaya za TEAMS ziliingia baharini mwetu Mombasa, na polepole modemu zikaenda stoo. Mashine za siriali hazikwenda. Nyingi zimefungwa ruta zenye kadi ya simu, na bado nakuta ruta zenye neno la siri "admin", na mipangilio ambayo hakuna aliyeijaribu kwa kuzima umeme na kuwasha tena.

Nilimwomba mzee anipe kile kisanduku. Akakataa. Anasema kikiwa kwangu nitakisahau.