Viwiko vya 1962 na shingo yangu ya Jumapili

Najua nimepotea karibu wiki tatu, na wengine mlishaanza kuulizana kama boom limenimaliza kwa raha. Hapana jamani. Ni shingo.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na ligi ya mpira wa kwenye gemu chumbani kwetu. Watu wanane, vitanda viwili. Skrini tuliiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, mimi nikakaa sakafuni, mgongo kwenye chuma cha kitanda, magoti kifuani. Tulianza saa mbili usiku, kuja kushtuka ni adhana ya alfajiri. Asubuhi mtu ananiita, nageuka, shingo imegoma. Dole gumba la kulia nalo haliwezi kubana kalamu. Na wiki mbili zijazo naanza mazoezi ya kufundisha: Historia, kidato cha pili, chaki na ubao. Sasa mwalimu asiyeweza kushika chaki ni mwalimu gani?

Mwenzangu wa chumba akanicheka, eti magonjwa ya watoto wa siku hizi. Hapo akawa amenigusa kwenye somo langu. Siku hizi wapi? Maumivu haya ni makubwa kwa umri kuliko baba yangu.

Turudi Marekani, chuo cha MIT, mwaka 1962. Vijana kadhaa, Steve Russell akiwa ndiye mwandishi mkuu wa programu, walitengeneza gemu linaloitwa Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1. Vyombo viwili vya angani vinapigana risasi. Kompyuta yenyewe ilikuwa mali ya kazi, ukubwa wake kama makabati yaliyopangwa, na haikuwa na kitu cha kuchezea. Kwa hiyo wakatumia swichi ndogo zilizokuwa kwenye paneli yake. Wachezaji wawili wanabanana hapo, mikono imening'inia, macho yanakimbilia skrini iliyo upande mmoja. Viwiko vikaanza kuuma. Halafu likajitokeza jambo lililowauma zaidi ya viwiko: kwa vile skrini ilikuwa pembeni, mmoja alikuwa anaona vizuri kuliko mwenzake. Yaani mshindi anaamuliwa na kiti!

Basi wawili kati yao, Alan Kotok na Robert Saunders, wakaokoteza mbao, waya na swichi kutoka kwenye klabu yao ya treni za kuchezea, wakaunda visanduku vya kushika mkononi. Hizo ni miongoni mwa pedi za mwanzo kabisa tunazozijua. Mimi nimelisoma tukio hili mara kadhaa na kila mara najiuliza: kama viwiko vingeuma tu lakini ushindi ukabaki wa haki, wangehangaika? Nina wasiwasi wasingehangaika. Tunavumilia mwili kuumia, kufungwa hatuvumilii.

Miaka kumi baadaye, 1972, Atari wakatoa Pong, mashine kama kabati inayowekwa baa. Unacheza umesimama. Na kumbuka unacheza kwa sarafu. Ikiisha, unatoka, mwingine anaingia. Nadhani sarafu ile ilikinga migongo mingi bila mtu kukusudia. Hata leo ukienda kwenye kibanda cha gemu mtaani utaona: dogo analipia mechi, akifungwa ananyanyuka kwenye benchi, ananyoosha miguu, anasubiri zamu. Umaskini unampumzisha. Haikuwakinga wote lakini. Space Invaders ilipotoka Japani mwaka 1978, migahawa mingi ya kule iliweka mashine za umbo la meza, skrini ikiwa chini ya kioo, mtu anacheza ameinamisha kichwa kama anatafuta sindano. Na mwaka 1981 jarida la madaktari la New England Journal of Medicine likachapisha barua kuhusu maumivu ya kifundo cha mkono yaliyopewa jina la gemu hilo hilo.

Kisha gemu likahamia sebuleni na sarafu ikafa. Mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, ile ya Japani, ilikuja na pedi zenye waya mfupi uliofungwa moja kwa moja, kwa hiyo unakaa karibu na TV, sakafuni, kama mimi na ndoo yangu. Kazi yote ikawa ya dole gumba. Mwaka wa kabla yake, 1982, Gunpei Yokoi wa kampuni hiyo alikuwa ameshabuni kitufe kile cha umbo la msalaba, akakiweka kwenye gemu dogo la mkononi. Ni ubunifu mzuri sana, sibishi. Lakini mwaka 1990 jarida lile lile likaeleza habari za mwanamke wa miaka 35 aliyecheza saa tano mfululizo, kidole gumba kikamuuma vibaya. Ugonjwa ukapewa jina la Nintendo. Saa tano tu, wadau. Sisi Jumamosi tulipiga zaidi ya tisa.

Kilichonichekesha zaidi ni Mario Party, iliyofika Marekani mwaka 1999. Kuna michezo ndani yake ilitaka uzungushe kijiti cha pedi kwa kasi, watoto wakawa wanatumia kiganja kizima mpaka ngozi inachubuka. Mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akaingilia, na mwaka 2000 Nintendo wakakubali kutoa glavu bure. Badala ya kubadilisha gemu, mtoto avae glavu!

Wii ya mwaka 2006 ikatusimamisha tena, na mwaka 2007 daktari mmoja akaandika kuhusu bega lake mwenyewe lililouma kwa tenisi ya kwenye TV. Sasa hivi vinauzwa viti vya gemu vya umbo la kiti cha gari la mashindano. Mbavu zile za pembeni kwenye gari ni za kumshika dereva anapokata kona. Wewe uliyekaa chumbani kwako unakata kona gani?

Haya, shingo imeanza kugeuka, kushoto bado. Jana nimejaribu kuandika ubaoni kwenye darasa tupu, nimefika mstari wa nne kidole kikakataa. Leo usiku kuna marudiano. Nimeomba mambo mawili: skrini ipande mezani, na kila baada ya mechi aliyefungwa asimame ampishe mwingine hata kama pedi ni yake. La meza wamekubali.