Masasi na Newala: Wakazi, Maji na Uchumi wa Korosho

Wilaya za Masasi na Newala ni miongoni mwa wilaya za Mkoa wa Mtwara. Mji wa Newala upo juu ya uwanda wa Makonde, ukitazama bonde la Mto Ruvuma na nchi jirani ya Msumbiji. Mji wa Masasi upo magharibi, chini ya uwanda huo, katikati ya vilima vya mawe. Wamakonde ndio wengi Newala. Masasi ni makazi ya Wamakua, Wayao na Wamakonde.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilihesabu watu 247,993 katika Halmashauri ya Wilaya ya Masasi, 102,696 katika Mji wa Masasi na 205,492 wilayani Newala. Mwaka 2002 Newala ilikuwa na watu 183,930. Ongezeko hilo la takriban asilimia 12 ni dogo, ikizingatiwa kuwa katika kipindi hicho idadi ya watu nchini iliongezeka kwa asilimia 30.

Maisha ya juu ya uwanda yametawaliwa na shida ya maji. Mvua hunyesha, lakini udongo wa kichanga huyapitisha maji hadi chini kabisa, na vijiji vingi havina mto wala kisima cha karibu. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Mradi wa Maji wa Makonde, ulioanza enzi za ukoloni katika miaka ya 1950, husukuma maji kutoka bondeni Kitangari, hivyo pampu ikisimama, uwanda mzima huona kiu. Masasi hupata maji kutoka chanzo cha Mbwinji.

Udongo huohuo wa kichanga huufaa mkorosho, ambao mizizi yake huenda chini sana. Fedha za korosho huingia mara moja kwa mwaka, kuanzia Oktoba, na ndizo hulipa ada za shule, mabati na madeni ya dukani. Tangu msimu wa 2007/2008 mazao huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, kisha huuzwa mnadani kupitia vyama vikuu, MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala.

Hatari kubwa hutokea kabla ya mavuno. Kaya iliyoishiwa chakula hushawishika kuuza korosho zikiwa bado mtini, kwa kipimo cha kangomba na kwa bei ya chini sana. Biashara hiyo imepigwa marufuku, lakini huendelea kwa siri, na mnada unapofunguliwa faida huwa ya mnunuzi. Muhogo, mbaazi, kunde na ufuta huipunguzia kaya shinikizo hilo. Ufuta huvunwa na kuuzwa miezi kadhaa kabla ya korosho.